Usilibomoe jiko la mavyaa wako

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Nilistaafu uuguzi mwaka jana, nikahamia Muheza kwenye kiwanja cha familia ya mume wangu. Tumejenga nyumba, na jiko la ndani nimelifanya kama nilivyolitamani miaka yote: marumaru nyeupe mpaka juu, kabati za ukutani, kaunta, gesi ya pleti nne. Cha ajabu hakuna anayekaa humo. Watoto, mawifi zangu, hata mimi mwenyewe, tunaishia kwenye jiko la nje la marehemu mama mkwe, kibanda cha udongo na makuti chenye kuta nyeusi tii na moshi mtupu. Binti yangu anaolewa mwezi wa kwanza, na anataka tulibomoe kabla wageni hawajafika kwa sababu linamtia aibu. Mimi nasita. Nifanye nini ili jiko la ndani livutie kama lile la nje? Nitundike nini ukutani?"

Jibu: Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa harusi inayokuja.

Habari ya kutundika tuiache kidogo. Nimelisoma swali lako mara tatu, na naona jibu umeliandika mwenyewe uliposema hakuna anayekaa humo. Hebu ingia sasa hivi kwenye jiko lako la marumaru ukatafute pa kukaa. Kaunta iko kiunoni, kabati ziko usoni, na kati yake pana njia ya kupita mtu. Anayeingia humo hana la kufanya ila kusimama, na akiingia wa pili wanapigana vikumbo.

Fundi wako hana kosa. Jiko la namna hiyo lina asili yake. Mwaka 1926, huko Frankfurt, Ujerumani, mbunifu wa majengo aitwaye Margarete Schütte-Lihotzky alichora jiko kwa ajili ya nyumba mpya za wafanyakazi, upana wake mita 1.9 na urefu mita 3.4. Alipima hatua anazotembea mpishi kutoka motoni hadi kwenye sinki hadi mezani, akazipunguza kadiri alivyoweza, akajaza kabati ukutani kila kitu kifikiwe kwa mkono. Majiko kama 10,000 ya aina hiyo yalijengwa mjini mle, na majiko ya kabati za ukutani tunayoyaona leo, la kwako likiwemo, ni vitukuu vyake. Namheshimu sana yule mama, maana aliona uchovu wa wanawake akautafutia dawa. Lakini lile lilikuwa jiko la mpishi mmoja, apike upesi, atoke.

Sasa hesabu mikono inayopitia sufuria moja ya wali wa nazi hapo kwenu. Mmoja amekalia mbuzi, anakuna. Mwingine ana ungo mapajani, anapepeta na kuchambua mchele. Wa tatu anamenya vitunguu, na mtoto katumwa ndimu. Zote hizo ni kazi za kukaa, na mtu akikaa anazungumza. Mavyaa wako aliacha jiko la watu wanne waliokaa. Wewe umejenga la mtu mmoja aliyesimama. Ukitundika kawa na vibuyu juu ya marumaru zile, zitakuwa kama mapambo ya hotelini, na watu wataendelea kwenda nje.

Kwa hiyo jiko la nje usilibomoe. Litengeneze kwa mpango, na pesa uliyotenga kwa mapambo ya ndani ielekeze huko.

Anza na moshi. Wewe umefanya kazi wodini, umewabeba watoto wenye nimonia mikononi mwako, kwa hiyo hili unalijua kuliko mimi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kutokana na hewa chafu ya majumbani, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Hewa hiyo inachafuliwa zaidi na moto wa kupikia. Jiko la shamba hupendwa na wanaolikumbuka kwa mbali. Anayelia machozi humo kila siku ana mengine ya kusema. Serikali nayo ilizindua mwezi wa tano mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waifikie ifikapo 2034. Gesi yako basi iendelee na kazi yake: chai ya alfajiri, kupasha viporo, uji wa mgonjwa usiku wa manane. Moto wa nje ubaki kwa mapishi yanayoutaka, na uwake mahali penye dohani, bomba la kutolea moshi.

Mwite fundi anayejua majiko ya udongo akujengee jiko la kuni la matundu mawili. Moto unakaa chini ya sufuria ya kwanza, joto lake linapita chini ya ya pili, halafu moshi unavutwa na dohani kwenda nje. Udongo mzuri ni wa kichuguu, ukandwe na pumba za mpunga au nyasi zilizokatwakatwa na mchanga kidogo. Likishasimama, liache likauke kivulini wiki mbili au tatu. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: wanawasha siku ya nne, linapasuka, kisha wanasema majiko ya udongo hayafai. Dohani ijengwe kwa matofali ya kuchoma, ipite kilele cha paa kwa nusu mita au zaidi. Pale inapotokea, ondoa makuti mita nzima kila upande, uweke bati. Hilo usilibanie pesa, kwa sababu cheche moja inatosha.

Wazee watakwambia kwamba moshi ndio unaolinda makuti yasiliwe na wadudu. Wanasema kweli. Ukishaweka dohani, makuti hayatadumu kama ya zamani, na utaezeka upya mapema kuliko alivyozoea mavyaa wako. Mimi naona ni heri kununua makuti kuliko dawa za kifua.

Na kuni ziwe kavu. Kuni mbichi zinaula moto, kwa sababu joto lote linakwenda kukausha maji yaliyomo kabla ya kuipasha sufuria. Muheza mna michungwa kila upande. Matawi mnayopogoa yapasueni, yapangwe chini ya upenu yasinyeshewe, yangoje miezi kadhaa. Kuni zilizopangwa vizuri kando ya mlango nazo ni pambo, tena pambo ambalo halinunuliwi.

Baada ya moshi, mwanga na upepo. Jiko lako lina mlango mmoja, kama mengi ya zamani. Toboa madirisha mawili yanayotazamana, moja lielekee kaskazini, jingine kusini, upate kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi na kusi katika miezi inayofuata. Muheza iko ndani kidogo kutoka baharini, lakini pepo hizo zinafika. Kingo ya chini ya dirisha isizidi sentimita 70 kutoka sakafuni. Mafundi watabisha, wamezoea mita moja na zaidi. Wewe shikilia sentimita 70, ili anayekuna nazi akiwa amekaa auone uwanja, amwone mtoto anayecheza, amwone na mgeni anayekuja. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo muhimu kuliko vyote nitakavyokupa leo.

Kuta sasa. Zile ni za fito na udongo, na zimekunywa masizi miaka mingi. Usizipige lipu ya saruji. Niliwahi kufanya hivyo katika jiko letu la shamba, Pangani, nikidhani naliheshimisha. Saruji ni ngumu na haipumui, udongo unavimba na kusinyaa kila mvua inapokuja, na viwili hivyo havishikani. Masika ya pili lipu ilibanduka vipande vikubwa vikubwa, ikaondoka na udongo wa ukuta. Nawe usipake chokaa moja kwa moja juu ya masizi, kwa sababu rangi ya kahawia itapenya na kutokea kama madoa ya chai. Kwangua, piga brashi ngumu, ziba nyufa, kisha siriba upya kwa udongo laini uliochanganywa na samadi. Ukikauka kabisa ndipo upake chokaa.

Chokaa yenyewe iwe iliyokwisha kuzimwa. Loweka kwenye maji usiku kucha, ikoroge hadi iwe nzito kama kasimile, ichuje kwa kitambaa. Lowesha ukuta, upake nyembamba, mara tatu, kila mkono ukauke kabla ya unaofuata. Ikiwa mbichi huonekana kama maji ya mchele na utadhani umeibiwa. Weupe wake unatoka ikikauka. Jikinge macho na mikono, inaunguza. Sehemu ya chini ya ukuta, kimo cha goti na kidogo juu, ipake udongo mwekundu ule wa kwenye miteremko ya Usambara. Kazi yake ni kuficha matone na alama za miguu, lakini mstari ule mwekundu chini ya weupe wa chokaa ndio utakaowasimamisha wageni mlangoni. Hilo tu, rangi nyingine usiongeze.

Halafu jenga kibaraza. Kifuate ukuta wenye dirisha la kusini, kimo sentimita 40, upana 45, kirefu kadiri ukuta unavyoruhusu. Mawe au matofali, juu usawazishe vizuri, uweke jamvi. Mbele yake acha nafasi ya mbuzi, kinu na beseni. Ukipenda meza, tafuta mbao za mtiki, maana shamba la Longuza liko wilayani kwenu na mafundi wa huko wanaujua mti huo. Meza iwe fupi, ya kufanyia kazi mtu akiwa amekaa kibarazani. Usinunue zile za mbao zilizogandishwa kwa gundi. Unyevu wa Tanga unazivimbisha kama mkate.

Sasa tunaweza kuzungumza habari ya kutundika.

Kanuni yangu ni hii: kitu kitundikwe pale kinapotumika, na kisichotumika kisitundikwe. Mbuzi iegemee ukuta wa dirishani penye mwanga. Kifumbu kining'inie juu ya mahali pa kukamulia tui, kwa sababu lazima kikauke na hewa kila baada ya kazi, la sivyo kinanuka uchachu. Nyungo zipangwe ukutani kwa ukubwa. Kawa nazo, zile za miyaa ya rangi, zikae karibu na mlango unaotokea na chakula. Juu ya boriti funga susu ya kamba kwa ajili ya kitoweo na maziwa, mahali paka na sisimizi hawafiki. Vijana wengi hawajaona susu siku hizi, nawe ukiitundika utaona jinsi wanavyoizunguka na kuuliza. Miiko na pawa ziingie kwenye chungu kilichovunjika shingo. Ukimaliza, simama mlangoni uangalie. Ukuta utakuwa umejaa, na hakuna hata kimoja kilichowekwa kwa ajili ya picha.

Vyungu vya mavyaa wako usivitupe hata kama ni vyeusi. Chungu cha zamani kimekwisha kuzibwa vitundu na mafuta ya miaka. Ukinunua kipya, kiloweke siku moja, kisha chemsha humo uji mwepesi kwa moto mdogo. Wanga wa uji ndio unaoziba. Usikioshe kwa sabuni, kinainywa na kuirudisha kwenye mchuzi. Jivu na kumbi la nazi vinatosha. Na usimimine maji ya baridi chungu kikiwa moto.

Nje ya mlango weka mtungi wa maji, kivulini, mahali pa upepo. Udongo usiopakwa chochote huvuja jasho, na jasho lile likikauka kwa upepo linapoza maji yaliyomo. Uweke juu ya mchanga, chini yake upande mchaichai, ujinyweshee wenyewe kwa matone. Jirani yake rehani na mpilipili mmoja. Bustani kubwa ya mboga usiipange mwaka huu, una harusi.

La ndani nalo usilisuse. Ondoa milango ya kabati za chini upande mmoja, weka humo vikapu, ufunike kwa khanga. Doti moja ina vipande viwili, inatosha. Ila usikate jina, liache lisomeke, na pazia likae mbali na gesi. Penye nafasi ingiza vigoda viwili. Hayo tu. Litabaki jiko la haraka, na jiko la haraka lina heshima yake.

Umeniuliza juu ya mvuto, na nisingependa kukuacha na habari za udongo na boriti peke yake. Jiko likishakauka, siku ya kwanza ya kuliwasha upike mkate wa kumimina. Nauchagua kwa sababu unataka moto wa chini na wa juu, na hapo ndipo jiko la nje linapoishinda gesi yako. Loweka vikombe viwili vya mchele usiku kucha. Asubuhi umwage maji, usage mchele na kikombe kimoja cha tui zito, kijiko kidogo cha hamira na iliki za kutoka Amani, huko milimani kwenu, zile mbichi bado za kijani, uzipasue mwenyewe kwa kucha. Saga mpaka ukiuchezea ugiligili kwa vidole usihisi chembe. Sukari robo tatu ya kikombe iingie mwisho. Funika kwa kawa, uache uumuke karibu saa moja. Ukiumuka, piga ute wa yai moja uuchanganye polepole.

Wakati huo wenzako wako kibarazani na mtu kakumbuka kisa. Usiwaharakishe. Chota makaa mazuri kutoka kwenye jiko la kuni, uyaweke machache kwenye jiko la mkaa pale upenuni. Pasha sufuria ndogo iliyopakwa mafuta mpaka inukie, kisha mimina. Sikiliza: inatakiwa iseme "sss" mara moja na kunyamaza. Ikiendelea kulia, moto wa chini ni mkali, punguza. Ngoja kingo zianze kutoa vitobo, ndipo ufunike na kupalia makaa juu ya kifuniko, mengi kuliko yaliyo chini. Kuanzia hapo pua ndiyo saa. Kwanza utasikia tui, baadaye iliki, na sukari ya juu inapoanza kugeuka rangi harufu hubadilika ghafla, inakuwa nzito na tamu, na watoto waliokuwa uwanjani wanaonekana dirishani bila kuitwa. Kwa kawaida ni nusu saa na kidogo. Chomeka kijiti, kikitoka kikavu umeiva.

Ukate ungali na joto. Binti yako mpe kipande cha pembeni, kile kilichokauka na kung'aa, akilie pale pale kibarazani. Usimwambie neno juu ya kubomoa.

Kuhusu muda, fuata mpangilio huu. Makuti na dohani vimalizike kabla ya vuli kushika, kwa maana ya kabla ya Oktoba. Jiko la udongo lijengwe mara tu paa likifungwa, lipate kukauka wakati mnahangaika na kuta. Chokaa ngoja siku za jua, hata kama ni katikati ya Desemba. Ukuta wenye unyevu hauipokei. Kibaraza kinaweza kujengwa wakati wowote, na kama pesa itapungua, acha meza kwanza lakini kibaraza kisikose.

Na yale mafiga matatu ya mavyaa wako, fundi wa jiko jipya atataka kuyavunja atie kwenye msingi. Mkatalie. Yatoe nje, uyaweke chini ya mwembe. Sufuria ya pilau ya harusi haiingii kwenye jiko la matundu mawili, na siku ile mpishi wenu atakaposhuka na masufuria yake, kabla hajaomba hata maji ya kunywa, atakuuliza mafiga yako wapi.